Yule wa Dirishani

Kaka yangu Jarkko ana kompyuta inayonguruma
kama friji ya bucha.
Aliijenga kipande kwa kipande, miaka mitatu.
Kadi ya michoro peke yake ilimeza mishahara miwili
ya kusukuma theluji kwa trekta, usiku, barabara za Oulu.
Siku ya kuileta aliikumbatia ndani ya koti;
mama akadhani ni mtoto wa paka.

Mimi nina konsoli.
Niliinunua kwa jirani aliyekuwa anahama,
ina mkwaruzo ubavuni.
Unaiwasha, unakaa, unacheza.
Haina maswali.

"Fremu thelathini!" Jarkko hunicheka.
"Hilo si gemu, hiyo ni albamu ya picha."
Nami: "Wewe una gari la mashindano,
na kila siku uko chini yake na spana."

Ndivyo tulivyolumbana majira yote ya baridi,
jua likichungulia saa nne asubuhi
na kuaga saa nane.

Baba hakuwa upande wowote.
Miaka thelathini na mmoja kwenye kiwanda cha karatasi
ilimfundisha kuijua mashine kwa joto lake.
Alianika glavu nyuma ya kompyuta ya Jarkko,
pale feni inapotema pumzi.
"Hii inafaa."
Akaigusa konsoli yangu kwa kiganja.
"Na hii haisumbui."
Akaenda kulala.

Gemu ilikuwa ile ile, mimi kwangu, yeye kwake:
ziwa, msitu, kijiji kilichohamwa na watu,
mtu mmoja anayemtafuta mkewe.
Nimeimaliza mara mbili.
Kwangu miti ya mbali huchelewa kuota;
unaikaribia ndipo inakumbuka kuwa ni miti.
Mvua kubwa ikinyesha konsoli hupaliwa,
nami huisubiri, kama unavyomsubiri mzee
amalize kukohoa aendelee na habari.

Jarkko hajavuka lango la kwanza.
Yuko ukingoni mwa ziwa tangu Novemba,
anapandisha vivuli, anashusha ukungu,
anasoma namba ya kijani pembeni mwa skrini
kama muuguzi anayesoma homa.
Tisini na mbili. Themanini na nane.
Kwa nini themanini na nane?
Anazima. Anawasha. Anaanza ziwani tena.

Jumapili moja akaniita. "Njoo uone maji."
Nikaenda na soksi zangu,
nimejiandaa kutostaajabu.

Maji yalikuwa yamebeba ng'ambo nzima kichwa chini:
misonobari, paa la kanisa,
kila tone la mvua likitoboa duara lake,
na ile nyumba ya bluu niliyoipita mara mia,
ambayo kwangu dirisha lake ni doa la kijivu.
Kwake lina pazia.
Nyuma ya pazia, mwanamke,
kiganja kiooni,
anatazama.

Saa themanini nimetembea katika nchi ile
naye alikuwa pale, ananiona napita.

"Ni nani?" Jarkko akauliza. "Hasogei huyu."

Nilimjua kwa skafu yake ya manjano.
Mtu humkuta mwisho kabisa, baada ya daraja,
na anachokisema pale kimeniliza mara zote mbili;
hata konsoli ilikwama kidogo, kana kwamba nayo.

Sikumwambia.
"Vuka lango," nikasema.
"Nikivuka namba itashuka. Kijiji kina mienge mingi."
"Ishuke."

Akafunga mipangilio.
Feni zikapaza sauti, glavu za baba zikatikisika,
na mtu wake mdogo, mvua mabegani,
kila uzi wa koti ukionekana,
akapiga hatua.

Dakika kumi na moja. Nilihesabu.
Kisha mkono ukarudi kwenye mienge,
uipunguze kidogo tu.

Nikarudi chumbani, nikawasha konsoli,
nikaenda moja kwa moja ziwani,
nikasimama mbele ya doa la kijivu.
Kwenye padi kuna kitufe cha kupunga mkono,
sikuwahi kujua ni cha nini.
Nikakibonyeza.